Mbwa Amekufa kwa Maradhi: Mtoto wa Mbwa Aletwe Lini?

Vijijini Kitui na Makueni ubishi huu hauishi: mbwa wa boma amekufa kwa maradhi ya kuambukiza, na jirani ana watoto wa mbwa wa kugawa. Achukuliwe mmoja leo, au boma likae bila mbwa kwanza? Hoja za kila upande zimezoeleka. Hapa nimezipanga kama mjadala na kuzitia midomoni mwa watu watano niliowabuni, ninaowaita kwa shughuli zao: mfugaji wa mbuzi upande wa Ikutha, mama mkulima wa milima ya Mbooni, mzee wa Kibwezi, daktari wa mifugo, na mhudumu wa afya ya jamii. Mwishoni nitasema mimi mwenyewe nasimama wapi.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu, uliopangiwa miaka ya 2014 hadi 2030, ulichagua kaunti 5 za kuanzia: Kisumu na Siaya upande wa ziwa, na Machakos, Kitui na Makueni huku Ukambani. Kichaa kinakadiriwa kuua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka. Anayebeba mtoto wa mbwa kutoka boma moja hadi jingine ama anaisaidia kazi hiyo ama anaivuruga.

MFUGAJI: Mimi nasema aletwe leo. Wanaotushauri tungoje hawajalala Ikutha usiku wa kiangazi fisi wakizunguka zizi. Mbwa wangu alikuwa akibweka, naamka, nachukua tochi natoka. Tangu afe, naamka asubuhi nikakuta damu kwenye ua. Mchana nao ni nyani: ndengu zikianza kukomaa, mtu hawezi kwenda hata kuchota maji. Na mtoto wa mbwa hafai kulinda siku anapofika. Atakula ugali wangu miezi kadhaa kwanza. Kila wiki ninayongoja nampa fisi.

MAMA: Ndugu yangu, shida yako naijua, lakini wewe unahesabu mbuzi, mimi nahesabu watoto. Mbwa wetu alikuwa bado mdogo. Alianza kwa kukataa ugali. Kesho yake akatapika povu la manjano, kisha akaharisha damu, na harufu yake hata sasa nikiikumbuka naziba pua. Siku ya tatu akafa chini ya mwembe. Siku zote hizo watoto walikuwa wakimpangusa na kumnywesha maji. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sitaki mtoto mwingine wa mbwa mpaka mwaka upite, na hata ukipita sijui kama nitakubali.

MZEE: Mnabishana juu ya mbwa mmoja mmoja. Zamani maradhi yakiingia, mbwa waliuawa. Wengine walipigwa risasi, wengine wakategewa sumu. Kijiji kikatulia, ndipo watu wakatafuta mbwa wengine. Leo kila mtu anamwonea mbwa huruma, na maradhi hayaondoki.

DAKTARI: Mzee wangu, hilo la kuua nitalijibu, naomba subira kidogo. Kwanza niwaulize hawa wawili swali ambalo watu huliruka. Mbwa wenu walikufa kwa ugonjwa gani? Maana mnapanga mambo ya mbwa mpya wakati yule wa kwanza hamjajua kilichomuua.

MAMA: Si nimesema, aliharisha damu.

DAKTARI: Mbwa mchanga, kutapika, kuhara damu yenye harufu kali, kufa ndani ya siku chache: dalili hizo kwanza kabisa ni za pavo. Kuhakikisha kunahitaji kipimo, lakini kwa maelezo hayo mimi ningelichukulia boma lako kuwa na pavo. Na wewe, mfugaji?

MFUGAJI: Wangu hakuharisha. Alibadilika. Alikuwa mpole, akaanza kuuma hewa, kuuma vijiti, kuuma mlango wa zizi. Sauti ikawa kama ya mbwa mwingine. Akapotea, akarudi taya limelegea na mate yanachuruzika. Alimng'ata mbwa wa pili na mbuzi mmoja. Nilidhani kuna kitu kimemkwama kooni, nikaingiza mkono nikitafute. Siku chache baadaye akafa.

MHUDUMU: Baba, mkono ulioingiza ulikuwa na mchubuko?

MFUGAJI: Mikono ya mchunga mbuzi haikosi mikwaruzo ya miiba.

MHUDUMU: Basi mjadala wa mbwa mpya kwako usimame hapo. Hizo ni dalili za kichaa, na mate yaliyogusa mkwaruzo yanatosha kukuambukiza. Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama siku zimepita, halafu twende hospitali leo. Usitie majani, usitie pilipili wala mafuta ya taa. Utachomwa chanjo kwa mpango: siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 kwa utaratibu uliozoeleka wa sindano tano. Jeraha likiwa la damu huongezwa dawa nyingine ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe. Dalili zikianza kwa mtu, hakuna hospitali itakayomwokoa. Zisipokuwa zimeanza, chanjo inaokoa. Ukiishia njiani kwa kuwa unajisikia mzima, umerudi mwanzo.

MFUGAJI: Na mbwa wa pili? Mbona yu mzima, anakula?

DAKTARI: Alikuwa amechanjwa?

MFUGAJI: La.

DAKTARI: Huyo ndiye ninayemwogopa. Kwa kawaida mbwa aliyeng'atwa huonyesha dalili kati ya wiki 3 na miezi 3, mara nyingine hata miezi 6. Leo anakula, mwezi ujao atauma. Mbwa asiye na chanjo aliyeng'atwa na mwenye kichaa, ushauri wa kwanza ni auawe kwa njia ya kibinadamu na mtaalamu. Mwenyewe akishindwa kabisa, afungiwe mahali imara kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa ofisi ya mifugo. Yule mbuzi naye atengwe na aripotiwe. Ukimleta mtoto wa mbwa sasa, unamweka pamoja na mgonjwa ambaye bado hajaonyesha ugonjwa wake. Na aliyekufa ulimpeleka wapi?

MFUGAJI: Nilimtupa korongoni.

DAKTARI: Fisi na mbweha watamla, nao pia huugua kichaa. Siku nyingine usimguse kwa mikono mitupu. Ita ofisi ya mifugo ya wadi: wanaweza kuchukua sampuli ya ubongo na kuipeleka maabara kuu ya mifugo Kabete, maana kichaa huthibitishwa hapo, hakithibitishwi kwa macho. Kisha mzoga uzikwe chini sana. Hata hivyo kuna jambo moja litakalokupa moyo: udongo wa boma lako hauna neno. Virusi vya kichaa havidumu nje ya mwili. Jua, ukavu na sabuni huviua upesi. Mambo haya matatu yakiisha, yaani matibabu yako, yule mbwa wa pili na yule mbuzi, hakuna sababu ya kungoja mwaka.

MAMA: Basi mimi ningoje miaka mingapi, kama yeye mwenye kichaa hangoji?

DAKTARI: Kwako mambo yamegeuka, mama. Pavo ya mbwa haimpati binadamu. Watoto wako wamempoteza rafiki, lakini ugonjwa ule hautawafuata. Hofu uliyonayo juu yao iondoe. Hatari imebaki kwenye udongo.

MAMA: Chini ya mwembe?

DAKTARI: Hasa hapo, penye kivuli. Virusi vya pavo vilijitokeza mwaka 1978, na kwa muda wa miaka miwili hivi vilikuwa vimeshaenea duniani. Nguvu yao ni ukaidi: penye kivuli na unyevu vinaweza kukaa mwaka na zaidi, na huhama kwa viatu, kwa mikono, kwa bakuli la chakula. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akinusa pale mwenzake alipoharishia, baada ya siku 3 hadi 7 utaona yale yale.

MAMA: Nikimwaga maji ya moto?

DAKTARI: Kwenye sakafu ya saruji, sugua kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha tumia jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, na uiache dakika 10. Kwenye udongo mwekundu jiki haina kazi, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye virusi. Udongo unahitaji jua: punguza matawi ya mwembe, zoa majani, parua tabaka la juu ulizike mbali. Bakuli la plastiki na gunia alilolalia, choma. Hata hivyo usimlete mtoto wa mbwa wa wiki 8 hapo. Njia mbili ziko wazi. Ya kwanza, chukua mbwa mzima aliyechanjwa, kwa sababu pavo huwamaliza zaidi walio kati ya wiki 6 na miezi 6. Ya pili, mchague mtoto unayemtaka, lakini abaki kwa jirani penye mama yake mpaka amalize chanjo.

MZEE: Chanjo ngapi? Ng'ombe wangu huchanjwa mara moja, tukamaliza.

DAKTARI: Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama yake kwa maziwa ya kwanza, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo. Kwa mmoja huisha mapema, kwa mwingine huchelewa, na kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana sindano ya pavo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4, mpaka afikishe wiki 16. Ile ya kichaa kwa kawaida huchomwa akiwa na miezi 3, ingawa kwenye kampeni za kijiji hata wachanga huchanjwa, asiachwe yeyote.

MFUGAJI: Daktari, sema nasi kwa uwezo wetu. Mtu mwenye mbuzi wachache wa Ikutha atalipia mbwa sindano tatu, nne? Duka la dawa za mifugo liko mbali, na bodaboda inataka yake.

DAKTARI: Haki yako kuuliza. Chanjo ya kichaa kampeni za kaunti hutoa bure, hiyo usiikose kwa namna yoyote. Ya pavo ni ya kununua. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kwa pamoja, sita, saba. Wanaowachukua wakikubaliana, mtaalamu mmoja akaja siku moja kwenye boma la yule mwenye mama mbwa, gharama ya safari inagawanyika. Ninachokiona ni kila mtu kubeba wake kwenye kikapu na kwenda zake akiwa na wiki 5, halafu mwezi huo huo nusu yao wamekufa. Na joto lenu lisiwe kisingizio cha kuachwa nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa inayotumika sana ilibaki na nguvu yake miezi 6 kwenye nyuzi 25 na miezi 3 kwenye nyuzi 30. Tanzania, kaskazini huko, watafiti wamejaribu kuihifadhi vijijini kwa vyungu vya udongo visivyotumia umeme. Chanjo inaweza kukaa karibu na mbwa mwaka mzima.

MZEE: Sasa nijibu langu. Kwa nini tusiue wote tukaanza upya?

DAKTARI: Kwa sababu hamtaanza upya, mzee. Ukiua mbwa wote wa kijiji leo, fisi wapo, nyani wapo. Wenye mifugo watatafuta watoto wa mbwa kutoka kijiji kingine kabla mwezi haujaisha, na wote watakuwa bila chanjo. Utakuwa umewaondoa pia wale waliochanjwa, ambao ndio waliokuwa wakiukatiza ugonjwa njia. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo hivyo: kuua mbwa hakumalizi kichaa, kuchanja ndiko kunakokimaliza, na kiwango kinachohitajika ni asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka.

MZEE: Kwa nini mwaka baada ya mwaka, kama mmechanja asilimia 70 mwaka jana?

DAKTARI: Kwa sababu mbwa wa mwaka jana si wa mwaka huu. Philip Kitala na wenzake walichunguza mbwa wa wilaya ya Machakos na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Umri wa kutarajiwa tangu kuzaliwa ulikuwa miaka 3.5 kwa madume na 2.4 kwa majike, na bado idadi ya mbwa iliongezeka kwa asilimia 9 hivi kwa mwaka. Mbwa wetu hufa upesi na kuzaliwa upesi. Aliyekufa aliondoka na chanjo yake; aliyeletwa badala yake hana.

MZEE: Kwa hiyo kila mtoto wa mbwa asiyechanjwa ni pengo kwenye ua wa miiba. Mmoja akiacha pengo, fisi ameingia kwa wote.

DAKTARI: Ndivyo, mzee. Kisiwani Pemba walikitokomeza kichaa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kampeni zianze tena, na hakikuondoka hadi 2018. Ikiwa bahari haikukizuia, Mto Athi hautakizuia kutoka Makueni kwenda Kitui.

MHUDUMU: Nina la watoto. Ulimwenguni kichaa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na kati ya kila watu 10 wanaokufa, 4 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto wa mbwa ana meno kama sindano, na mtoto wa binadamu humpa vidole acheze navyo. Tukimwonya mtoto kwa kumfokea, siku akichubuliwa atatuficha. Mwambieni: ukiumwa, ukiparurwa, ukirambwa penye kidonda, njoo useme, hutapigwa. Mama, wako wanaendeleaje?

MAMA: Mdogo hulia kila akipita penye mwembe. Anauliza kama atarudi.

MHUDUMU: Mwache alie, na umwambie kweli kwamba hatarudi. Usikimbilie kumletea mwingine ili anyamaze. Ukimletea wa wiki 5 akafa tena mbele yake, atazika mara mbili kwa mwaka mmoja. Mpe kazi: aende kwa jirani amwone atakayekuwa wake, ashuhudie akichanjwa, aitunze kadi yake ya chanjo.

MFUGAJI: Na wale ambao hawajui, mbwa amekufa tu porini, hakuna aliyeona dalili?

DAKTARI: Basi chukua tahadhari ya magonjwa yote mawili. Kama alitetemeka au kuanguka kifafa, inawezekana ni distempa, ambayo haidumu kwenye joto letu. Lakini distempa na kichaa huweza kufanana, kwa hiyo ihesabu kuwa kichaa mpaka ithibitishwe vingine: waliomgusa mate waende hospitali. Na kwa ajili ya pavo, usimlete mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo. Ukifuata yote mawili hujapoteza kitu. Na unapochagua, uliza habari za mama yake: amechanjwa? Yu hai? Mtoto ambaye mama yake alikufa akibadilika tabia, usimchukue hata ukipewa bure, kwa sababu naye anaweza kuwa ameambukizwa.

Hapo ndipo sauti zangu tano zinapokutana, na hapo nami naingia kwa jina langu la mwandishi. Mfugaji ana haki kuhusu mbwa: boma la Ikutha haliwezi kuishi bila mlinzi, na ushauri wowote unaosahau fisi utapuuzwa. Mama ana haki kuhusu hofu. Lakini kila mmoja alikuwa akiogopa kisicho chake. Aliyetaka haraka ndiye aliyekuwa na kifo mkononi, na boma lake lingekuwa salama kwa mbwa mpya baada ya kulimaliza jambo hilo. Aliyetaka kungoja kwa ajili ya watoto, watoto wake hawakuwa hatarini. Aliyekuwa hatarini ni mtoto wa mbwa ambaye bado hajafika. Tofauti hiyo haionekani kwa kuhesabu siku za msiba. Inaonekana mtu akijua mbwa wake aliugua nini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mbwa mpya aletwe, na tarehe ya kumleta iamuliwe na ugonjwa uliomuua wa kwanza na kadi ya chanjo ya huyu wa pili. Palipokuwa na kichaa, watu watibiwe kwanza, wanyama walioumwa washughulikiwe, kisha mtoto aliyechanjwa apokelewe. Palipokuwa na pavo, udongo upewe jua na muda, na aletwe mbwa mzima aliyechanjwa au mtoto aliyemaliza sindano zake. Asiyejua, afuate masharti yote mawili.

Nina neno pia kwa ofisi za mifugo za Wote na Kitui. Kampeni ya mara moja kwa mwaka huwakuta mbwa waliopo siku hiyo. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa mwezi unaofuata atangoja karibu mwaka mzima, na kwa umri wa mbwa wetu mwaka ni sehemu kubwa ya maisha. Iwepo siku moja inayojulikana kila mwezi, katika soko linalojulikana, Mutomo, Mwingi, Makindu, Tawa, ambapo mwananchi anaweza kumpeleka mtoto wa mbwa achanjwe kichaa bure na aelezwe chanjo nyingine zilizobaki. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tusikie hesabu ya watoto wa mbwa waliochanjwa miezi yote kumi na miwili. Mwenye boma ambaye hawezi kumchanja mtoto wa mbwa bado hajawa tayari kumpokea. Na serikali isiyompa mahali pa kumchanjia haina haki ya kumlaumu.